Fundi Aliyeyavalisha Magari Sketi

Nikitaka kumsema Fundi vibaya, na nataka sana, hujikuta naanza na mikono yake, na hapo ndipo ninapokwama. Sijaona mikono mingine ya namna ile. Januari, baridi ya kukata masikio, sote yadini tumevaa glovu mbilimbili, yeye anavua zake, anaziweka juu ya boneti, na kuingiza mkono mtupu uvunguni mwa gari kulipapasa bomba. Alisema glovu ni za kubebea mbao. Bomba alitaka kulishika kwa ngozi, kwa sababu ngozi ndiyo inayojua upepo unapita wapi. Akitoka huko chini ncha za vidole zimekwajuka, anazipuliza, anacheka, anadai chai.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Wengine walisema Tanga, wengine Pangani, na mwenyewe alijibu kutegemea nani anamuuliza. Mimi nilimjua Manassas, Virginia, kwenye yadi moja iliyo nyuma ya reli, nikafanya naye kazi majira mawili ya baridi, kuanzia mwaka tisini na sita. Niliyoyaona humo yananitosha.

Kazi yenyewe lazima niieleze, maana hata mama yangu sikuwahi kumweleza akaelewa. Wamarekani wana magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo ndani, wanayaita RV. Wengi wao kiangazi kikiisha huyafunga. Lakini wapo wanaotaka kwenda nayo milimani, huko West Virginia au Pennsylvania, wakaegeshe chini ya miteremko ya kuteleza kwenye theluji, walale humohumo wiki nzima. Gari la kiangazi halikuumbwa kwa mambo hayo. Basi linaletwa kwetu tuliandae. Tunaziba madirisha kwa nailoni, tunashindilia sponji kwenye matundu ya paa, tunazungushia mabomba waya wa joto, tunamimina ile dawa ya rangi ya waridi kwenye matangi ya maji machafu yasigande, tunajaribu hita na gesi. Mwisho kabisa linavalishwa sketi: turubai nene linalozunguka gari zima kuanzia kiunoni hadi ardhini, ili upepo usipite uvunguni. Mteja anaondoka nayo imekunjwa, akifika mlimani anaifunga kwa vifungo tulivyokwisha kumpimia.

Kwa sketi Fundi hakuwa na mpinzani. Alilipima gari kwa shubiri, kamba ya kupimia ipo mfukoni haiguswi, na turubai likikaa, limekaa. Sisi tulimwita Fundi tu, na hata Bosi, mzungu mwenye yadi, mwishowe akamwita hivyohivyo.

Mimi naitwa Mama Eliza. Hilo nalo ni sehemu ya habari hii. Eliza wangu nilimwacha Mafinga kwa mama yangu, akiwa na miaka sita, nikamwambia ninatangulia. Pale yadini Bosi alikubali kutuombea makaratasi ya ukaazi watu wawili, mimi na Fundi, kwa kuwa kazi yetu haikuwa na watu wengi wa kuifanya. Mwajiri akikuombea, na maombi yakipita, unaruhusiwa kuleta mke, mume na watoto wadogo. Fundi alikuwa na mke huko nyumbani, hawajaonana mwaka wa tisa. Mimi nilikuwa na Eliza. Kila Fundi aliponiita yadini, "Mama Eliza, lete koleo," alikuwa anamtaja mwanangu, na nilikwenda mbio.

Alinifundisha kazi kwa udi. Siku ya kwanza aliniingiza ndani ya gari bovu lililokuwa limewekwa pembeni, akazima hita, akafunga mlango, akawasha kijiti cha udi na kunipa.

"Tembea nacho taratibu," alisema. "Moshi ukisimama wima, pita. Moshi ukilala, hapo pana mwizi."

Nilitembea nacho saa nzima. Moshi ulilala kwenye kona ya dirisha, chini ya sinki, kwenye swichi ya taa, mahali ambapo nisingedhania kabisa. Kila palipolala alipabandika utepe. Nilipotoka meno yananigongana aliniambia sasa najua nyumba ya Mmarekani kuliko Mmarekani mwenyewe. Magari yetu yote yalikwenda milimani yakinukia udi, na wateja walidhani ni dawa ya kusafishia. Mwanamke mmoja aliomba auziwe chupa yake.

Fundi aliwacheka sana wateja. Hakuwa na chuki nao, aliwashangaa tu. "Mtu ana nyumba Bowie, kule Maryland, vyumba vinne, zulia mpaka msalani," alikuwa akisema, "anaiacha, anakwenda kulala ndani ya kopo juu ya mlima, kwa hiari yake! Na bado analipia!" Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga mlima huo. Watu wakiteleza na vile vibao miguuni aliwaona kwenye televisheni ya chumba cha kulia, akatikisa kichwa, akauliza wakifika chini wanafanya nini. Bosi akamwambia wanapanda tena. Alicheka siku nzima.

Lakini hapohapo aliijua baridi ya mahali ambapo hajafika kuliko waliokwenda kila mwaka. Aliuliza mteja gari litaegeshwa vipi, mlango utatazama wapi, miti iko upande gani, na kutokana na majibu hayo alijua ni bomba lipi litakalopata taabu. Alikuwa akiizungumzia baridi kama mtu wa mtaa wake ambaye hawapatani. "Leo atakuja kwa nyuma," alisema, "tumsubiri."

Na kulikuwa na mambo ya makoti. Kila mwisho wa baridi, maduka yanapopunguza bei, Fundi alimnunulia mkewe koti. Zuri, la kike, refu, la saizi aliyoikariri. Alilitundika kabatini akisema mwaka huu lazima aje. Ikifika Novemba mke hajaja, Fundi analitoa koti na kumpa mwanamke yeyote aliyeingia Amerika mwaka huo na viatu vya wazi. Mimi nilipewa la mwaka tisini na sita, rangi ya kahawia. Nilimwambia siwezi kuchukua koti la mke wa mtu. Akasema, "Vaa, mwanangu. Likikaa bure litaliwa na nondo, na mimi nitakuwa nalitazama." Nililivaa majira mawili. Nasema haya kwa sababu ni kweli, siyo kwa sababu yananipendeza kuyasema.

Kwenye misiba ndiye alikuwa nguzo yetu. Watanzania wa eneo lile tulikuwa tumetawanyika, mmoja Manassas, mwingine Woodbridge, wengine ng'ambo ya mto huko Maryland, lakini simu ya msiba ikilia nyumbani kwa mtu, jioni ileile kumejaa viatu mlangoni. Mwislamu au Mkristo haikujalisha, Fundi alipika. Alibeba sufuria lake kubwa ndani ya gari. Mara moja alikaangiza vitunguu vya pilau kwenye fleti ya mfiwa mpaka kengele ya moto ikalia, jengo zima likatolewa nje na taulo za kuogea, wazima moto wakaja, na Fundi akawapakulia. Mfiwa mwenyewe, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi, alicheka mpaka akalia.

Sasa nije kwenye uongo wake, maana alikuwa nao. Alidanganya kwa ulaini kabisa. Akipigiwa simu alikuwa "njiani, nimekaribia" huku amelala chali chini ya gari na bisibisi mdomoni. Nyumbani alijulikana kama injinia. Alimpigia mkewe kila Jumapili kwa kadi ya simu, kwa sauti ya kusikika hadi relini, na kila Jumapili alimwambia baridi si kali. Bosi akimuuliza kama jambo fulani limefanyika, jibu lilikuwa "yes, yes", kisha anakimbia kwenda kulifanya. Mimi niliuchukulia uongo huo kama watu wanavyouchukulia kwetu, adabu tu, maneno ya kumpunguzia mtu wasiwasi.

Kwenye mabomba hakuwa na adabu hiyo. Hapo alikuwa mkali, hakubali hata "nadhani". Alikuwa na utaratibu aliouita mkono wa pili. Hakuna gari lililotoka yadini likiwa limeguswa na mtu mmoja. Mmoja anafunga, mwingine anaingia uvunguni na kupitisha mkono kwenye kila bomba, kila koki, mwanzo hadi mwisho. Fomu ilikuwa na nafasi mbili za saini, ya aliyefanya na ya aliyepitisha mkono. Bosi aliuiga utaratibu ule kutoka kwake. Mara moja nilisaini kabla ya kupapasa koki moja tu, ya mwisho, Fundi akanikuta. Hakunifokea. Alichana fomu, akalifungua gari lote tulilolifunga tangu asubuhi, sketi na waya na kila kitu, tukaanza upya.

"Mimi nimeona," alisema. "Wewe umegusa? Kuona siyo kugusa."

Nilimheshimu siku ile kuliko siku yoyote.

Basi sikilizeni. Ilikuwa Februari ya tisini na nane. Wateja walikuwa mtu na mkewe, wastaafu, wanakwenda milimani siku kumi kumfundisha mjukuu kuteleza. Walikuwa wanakuja kulichukua gari saa nane mchana. Fundi alikuwa uvunguni tangu saa mbili asubuhi, mimi nilikuwa ndani na sponji na madirisha. Saa nne simu ya ofisini ililia: mama wa mwenzetu mmoja wa Bowie amefariki huko nyumbani, mwenzetu amezimia kazini, watu wameanza kukusanyika. Fundi alirudi uvunguni, lakini nilimsikia alivyokuwa anahema. Alikuwa anaharakisha. Sikuwahi kumsikia akiharakisha.

Saa sita kasoro alitoka, akajipangusa, akanipa fomu.

"Mama Eliza, nisainie. Kila kitu tayari."

"Sijapitisha mkono, Fundi."

"Nimepitisha mimi mara mbili. Watu wamekaa na msiba, mwanangu, hata maji ya chai hakuna mtu wa kuchemsha. Weka saini yako, yangu nitaiweka kesho."

Nilisimama na kalamu. Najua Mmarekani angesema nini hapo, na Wambui, Mkenya niliyepanga naye chumba Woodbridge, alishaniambia mara mia. Lakini mimi sikuwa Mmarekani wala Wambui. Mtu mzima, wa umri wa baba yangu, anakwenda kuwapikia wafiwa. Nimwambie asubiri kwanza nikahakikishe kama anasema kweli? Mdomo ulikataa. Nikasaini. Akaondoka na sufuria lake.

Na hapa sitajipendelea. Baada ya yeye kuondoka nilikuwa na saa mbili nzima kabla wateja hawajafika. Ningeweza kutandika boksi chini, nikaingia, nikapapasa. Sikuingia. Kulikuwa na tope la theluji, na nilikuwa nimeshasaini, na aliyefanya kazi ni Fundi. Nilikunywa chai yake aliyoiacha kwenye chupa.

Siku ya nne simu ilitoka mlimani. Kuna bomba fupi linalopita nyuma ya gurudumu la kushoto. Fundi alikuwa amelifungua waya wa joto asubuhi ile alitazame, na katika haraka yake hakuuzungushia tena. Lilikwenda mlimani uchi. Lilipasuka. Maji yalipanda sakafuni, yakaganda, na yule bibi mstaafu aliposhuka kitandani alfajiri aliteleza, akavunjika nyonga. Mjukuu wake alikuwa amelala pembeni yake. Nimemfikiria bibi yule mara nyingi kuliko anavyoweza kujua, na sijawahi kuliona hata kaburi lake kama alishakufa, wala nyumba yake kama yu hai.

Bosi alituita ofisini wote wawili. Fomu ilikuwa mezani. Saini moja, yangu. Nafasi ya aliyefanya ilikuwa tupu, kwa sababu ile kesho ya Fundi ilipofika gari na fomu vilikuwa vimeshaondoka mikononi mwetu. Bosi hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kwamba watu wa bima wanataka jina, na kwamba atakayetajwa hawezi kuendelea kufanya kazi pale, wala yeye hawezi kuendelea kumwombea makaratasi mtu aliyemfukuza. Kisha akauliza nani alifunga uvungu.

Nilimtazama Fundi. Nilisubiri. Niliamini kabisa kwamba atasema, ndiyo maana sikuharakisha kusema mimi. Nikaona pia si heshima kumsemea mtu mzima kosa lake mbele ya mzungu, mwache ajisemee mwenyewe.

"Siku hiyo nilikuwa msibani," Fundi alisema kwa Kiingereza chake. "Niliondoka mapema. Mama Eliza ndiye aliyemalizia."

Kila neno lilikuwa karibu na ukweli. Aliondoka mapema, kweli. Mimi nilimalizia madirisha, kweli. Nilifungua mdomo, na yeye, bila kunitazama, akanigeuzia Kiswahili kwa sauti ya chini kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Nyamaza mwanangu. Usiseme kitu sasa hivi. Nitarekebisha."

Nikanyamaza. Hilo ndilo ninalojilaumu kila nikikumbuka. Nilinyamaza kwa sababu mtu aliyenipa koti na kazi aliniambia ninyamaze, na Bosi aliuona unyamavu wangu, akauandika, nikafukuzwa.

Nilisubiri arekebishe. Wiki ya kwanza nilidhani anatafuta nafasi nzuri ya kuzungumza na Bosi. Wiki ya pili nilimpigia simu, akasema yuko njiani kuja Woodbridge, amekaribia. Nilimpikia wali na maharage. Wambui alirudi kutoka zamu yake, akakuta sahani mbili zimepoa.

"Wewe bado una-wait huyo mzee?" aliniuliza. "Acha ku-defend yeye. Amekuuza. Amekuuza live."

"Amesema atarekebisha."

"Ata-fix nini? Aki-fix yako ana-spoil yake. Wewe huoni? Si ni bibi anataka kuleta?"

Bibi, kwa Wakenya, ni mke. Nilikuwa naona. Nilikuwa naona tangu ofisini. Mke wake na mwanangu walikuwa wamesimama kwenye mlango mmoja, na mlango ulikuwa unapitisha mmoja, na Fundi ndiye aliyekuwa ameshika kitasa. Ningekuwa mimi ningefanya nini? Nimejiuliza, na jibu silijui, na kutokujua huko hakujanipunguzia hasira hata kidogo.

Mwezi wa tatu nilimwandikia Bosi barua, nikaeleza yote. Alinijibu kwa simu. Alisema amenisikia, lakini fomu ina saini yangu peke yake. "Mlete Fundi aniambie hivyo mwenyewe," alisema, "nami nitawaandikia watu wa bima, nitakurudisha kazini na nitaendelea na maombi yako. Lakini nataka kuyasikia kutoka kwake." Wakili naye akasema hivyohivyo, faili halijafa, ila bila Bosi haliwezi kwenda. Kwa hiyo mambo yangu yote, na ya Eliza, yalibaki kwenye kinywa cha mtu mmoja.

Fundi hakupokea simu zangu tena. Kwenye misiba nikifika yeye yuko jikoni, ametingwa na sufuria. Nilipata kazi ya kuhudumia wazee pamoja na Wambui, kazi halali ila si ya kuombewa makaratasi. Eliza aliniuliza kwenye simu kama Krismasi hii ndiyo ile. Nilimwambia baridi ni kali mno huku, asubiri kidogo. Nilijisikia nikiongea kama Fundi, nikachukia.

Nilijipa faraja moja, na nitaisema ingawa ni ya kijinga. Nilijiambia labda ameshasahau. Watu wazima hujidanganya mpaka wakaamini. Labda kichwani mwake ni kweli mimi ndiye niliyelisahau lile bomba, na mtu asiyejua amekosa utamfanya nini? Faraja hiyo ilinisaidia kulala karibu miaka miwili.

Desemba ya tisini na tisa, Jumamosi asubuhi, nilikuwa kwenye duka moja la Woodbridge ambako watu wa kila nchi hununua vyakula vya kwao. Nilimwona upande wa mboga. Alikuwa amenenepa, amevaa kofia mpya, na kando yake mama mmoja wa makamo, mtandio kichwani, ananusa fungu la mchicha kwa mashaka.

"Mama Eliza!" Fundi aliita, kama vile tuliachana jana.

Yule mama aliuacha mchicha. Alinijia, akanishika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye Mama Eliza?"

"Ndiye mimi. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ameniambia yote. Nilipofika tu, mwezi wa sita, aliniweka chini akaniambia. Kwamba bomba lile alilisahau yeye, wewe huna kosa, ulisaini kwa kumheshimu. Kila nikiswali nakutaja. Mwanao hajambo? Ana miaka mingapi sasa?"

"Tisa."

"Tisa," alirudia, na machozi yakamtoka. Yalikuwa machozi ya kweli, siwezi kumsingizia.

Nilimtazama Fundi. Alikuwa anachagua bamia, anavunja ncha moja moja kuona kama ni changa. Kumbe alikumbuka kila kitu. Maneno yale yalikuwa yanatamkika, alikuwa ameshayatamka, kwa mpangilio mzuri, jina langu na saini yangu na bomba lake, sebuleni kwake, kwa mkewe.

"Fundi," nilisema, "makaratasi umepata. Mama huyu hapa. Twende kwa Bosi leo. Mwambie hayohayo uliyomwambia mkeo. Dakika tano tu, na mimi naanza kumwita mwanangu."

Aliufunga mfuko wa bamia fundo, akaufungua, akaufunga tena.

"Nitakwenda, Mama Eliza. Wallahi nitakwenda, deni hili ninalo rohoni. Lakini hii kadi ya ukaazi si uraia. Wakisikia nilisema uongo kwa watu wa bima, wataniuliza na mengine, na huyu hata mwaka hajamaliza. Ngoja kwanza niape uraia. Ni miaka mitano tu. Siku nitakayoapa, sifiki nyumbani, natoka hapo moja kwa moja mpaka Manassas."

Mkewe alinibana mikono kwa nguvu zaidi.

"Nitamkumbusha mimi mwenyewe," alisema. "Sitamwacha asahau, mwanangu. Nakuahidi."

Na alikuwa anamaanisha. Nilisimama pale, mikono yangu imo mikononi mwake, nikapiga hesabu. Eliza angekuwa na miaka kumi na minne.